Ulaji wa mafuta wa pikipiki

Ulaji wa mafuta wa pikipiki ni uwiano kati ya umbali uliosafiriwa na petroli iliyoteketea njiani. Afrika Mashariki uwiano huo hutajwa kwa kilomita kwa lita, na kadiri namba inavyopanda ndivyo chombo kinavyosifiwa kuwa hakili mafuta. Nchi nyingi za Ulaya huugeuza na kuuliza lita ngapi zimetumika kwa kilomita 100; huko namba ndogo ndiyo nzuri. Waingereza na Wamarekani hutumia maili kwa galoni, na hapo yafaa kuwa macho: galoni ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani lita 3.785. Pikipiki ileile ikisomwa kwa galoni ya Marekani hupungukiwa karibu asilimia 17 ya maili zake bila kuguswa hata plagi. Mwenye kilomita kwa lita azidishe kwa 2.825 kupata kipimo cha Uingereza, au kwa 2.352 kupata cha Marekani.

Njia ya msingi ya kupima ni ya tangi kwa tangi. Mwendeshaji hujaza tangi, huandika kilomita zinazosomeka kwenye mita, huendesha kama kawaida, kisha hujaza tena mpaka alama ileile. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo zilizotumika. Tuseme mita ilisoma 18,420, sasa inasoma 18,632, na pampu imetoa lita 4.6. Kilomita 212 ukizigawa kwa 4.6 unapata 46 na ushei kwa lita, sawa na lita 2.17 kwa kilomita 100. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Kazi ni kufikia alama ileile.

Tangi la pikipiki ni dogo, kwa hiyo kila kosa hukuzwa. Pikipiki ikiegemea stendi ya pembeni, upande mmoja wa tangi huinuka na kubaki na hewa huku mafuta yakionekana tayari shingoni. Ikisimamishwa kwa stendi ya kati, yanaingia zaidi. Jua nalo lina sehemu yake, maana petroli hutanuka kwa takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi, na ndiyo sababu tangi lililojazwa pomoni asubuhi hutiririsha mafuta saa saba mchana. Tofauti ya desilita 2 kwenye lita 4.6 ni kosa la zaidi ya asilimia 4. Lakini tofauti hiyohiyo ikienezwa kwenye ujazo wa mara tano mfululizo, jumla lita 23, haifiki asilimia 1, kwa kuwa kinachohesabika ni tangi la kwanza na la mwisho tu. Makosa ya katikati hufutana. Namba ya ujazo mmoja, basi, si ya kupigia kelele kijiweni.

Shida ni kwamba watu wengi wanaoishi kwa pikipiki hawajazi tangi. Dereva wa bodaboda hufika sheli na kusema weka ya elfu tano, na Nairobi weka ya mia tatu, na jioni anajua alitumia pesa ngapi wala si lita ngapi. Pesa ni kipimo kinachoteleza. Tanzania Bara, mamlaka ya udhibiti EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei hizo hutofautiana kati ya mji na mji. Kenya, mamlaka kama hiyo, EPRA, hutangaza tarehe 14 bei za mwezi mmoja unaoanza siku inayofuata. Bei ikiwa shilingi 2,500, elfu tano hununua lita 2. Ikipanda hadi 3,000, inanunua lita 1.67. Dereva asiyeandika lita ataona kilomita zake za siku zimepungua, aende kwa fundi akafungue kabureta isiyo na kosa. Petroli ya chupa inayouzwa kandokando ya barabara ni mtihani zaidi, kwa sababu chupa haina muhuri wa mtu yeyote.

Kwa mnunuzi wa aina hii kuna njia inayofaa kuliko ya kujaza tangi, nayo imekaa chini ya tangi lenyewe: koki ya mafuta. Kwenye pikipiki nyingi za kabureta, koki ikiwa wazi huchota petroli kupitia bomba lililosimama ndani ya tangi, na mafuta yakishuka chini ya mdomo wa bomba hilo injini hukohoa, dereva akageuza koki kwenye rizevu. Kikohozi hicho hutokea kila mara mafuta yakiwa karibu kimo kilekile. Kwa hiyo dereva aandike kilomita injini inapokohoa, aweke lita alizozinunua, arudishe koki mahali pake, aendeshe mpaka ikohoe tena. Umbali kati ya vikohozi viwili ndio uliolipiwa na lita hizo, hata kama zilinunuliwa mara nne kwa pesa kidogokidogo. Barabara ya mlima huharibu kidogo usahihi, maana mafuta huhamia nyuma ya tangi, na pikipiki za kisasa za sindano ya mafuta hazina koki ya namna hiyo. Hata hivyo, kwa zile za sentimita za ujazo 100 hadi 150 zilizojaa mijini, kama Bajaj Boxer na TVS HLX za kabureta, njia hii haina gharama yoyote.

Upande wa pili wa hesabu ni kilomita, nazo hazistahili imani kipofu. Mita ya pikipiki nyingi huendeshwa na waya unaotoka gurudumu la mbele. Waya ukikatika, na hukatika sana, pikipiki inaendelea na kazi huku namba zimelala. Ukubwa wa tairi nao huingilia. Aliyetoa tairi ya mbele ya 2.75-17 na kufunga ya 3.00-17 amekuza mzunguko wa gurudumu kwa asilimia 2 hivi, na mita itahesabu pungufu kwa kiasi hicho. Simu yenye GPS husaidia kuikagua kwenye safari ndefu. Kwenye vichochoro hukata kona na kupoteza mita nyingi.

Wastani una mtego wake. Dereva aliyekwenda kilomita 200 kwa kilomita 50 kwa lita, kisha 200 nyingine kwa 30, atasema wastani wake ni 40. Siyo. Alitumia lita 4 na lita 6.67, jumla 10.67, kwa hiyo wastani ni 37.5. Jumla ya kilomita igawanywe kwa jumla ya lita, basi. Mwaka 2008 Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha katika jarida la Science kwamba kipimo cha maili kwa galoni huwapotosha watu kwa namna inayofanana na hii. Kupandisha pikipiki mbovu kutoka kilomita 20 hadi 25 kwa lita huokoa lita 10 katika kila kilomita 1,000. Kupandisha nzuri kutoka 50 hadi 55, hatua ya kilomita 5 vilevile, huokoa lita 1.8 tu. Kwa kulinganisha vyombo, kipimo cha Ulaya ni cha kweli zaidi, ingawa hakuna dalili ya kijiwe chochote kukipokea.

Kwa nini pikipiki mbili za aina moja zitofautiane? Mzigo, foleni na mlima kila mtu anavijua. Upepo hudharauliwa. Nguvu ya hewa inayopinga chombo huongezeka kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 60 hadi 80 kwa saa inapanda kwa karibu asilimia 78, na mwendeshaji aliyekaa wima hushika upepo wote kifuani. Mmarekani Craig Vetter, aliyejipatia jina kwa kinga ya upepo ya Windjammer, aliendesha mashindano ya kubana mafuta huko California katika miaka ya 1980, na waliofanya vizuri walikuwa waliofunika pikipiki zao kwa maumbo marefu yaliyochongoka nyuma. Mwamvuli mpana unaofungwa juu ya bodaboda hufanya kinyume chake, na abiria wa msimu wa masika hatalalamika. Baada ya upepo ndipo zifuate tairi zisizo na upepo wa kutosha, cheni kavu, breki inayobana, filta ya hewa iliyozibwa na vumbi, ambayo kwenye kabureta hufanya mchanganyiko uwe mzito wa petroli, na injini inayoachwa ikinguruma wakati wa kungoja abiria, kwani hapo ni kilomita sifuri kwa lita.

Namba za kiwandani ni habari nyingine. Mwaka 1983 Honda ilitangaza kwamba Super Cub 50 Super Custom inakwenda kilomita 180 kwa lita. Haikuwa uongo, ila ilipimwa kwa mwendo usiobadilika wa kilomita 30 kwa saa, bila taa za barabarani wala matuta. Ili namba za viwanda ziweze kulinganishwa, Umoja wa Mataifa uliidhinisha mwaka 2005 mzunguko wa kimataifa wa majaribio ya pikipiki, WMTC, unaoiga kuongeza mwendo, kupunguza na kusimama. Honda ya Japani sasa huchapisha namba zote mbili bega kwa bega, na anayenunua pikipiki ya mjini aitazame ya WMTC.

Kumbukumbu zenyewe zinaweza kukaa kwenye daftari la kaunta au kwenye programu ya simu kama Fuelio. Safu nne zinatosha: tarehe, kilomita, lita, bei. Zikikusanyika za miezi kadhaa, mstari hupata tabia, na kushuka ghafla kwa asilimia 15 huwa na maana ambayo kushuka kwa 3 hakuna. Daftari huweza pia kuumbua pampu: tangi la lita 11 haliwezi kupokea lita 12, na kwa Tanzania jambo hilo hupelekwa Wakala wa Vipimo, inayohakiki pampu na kuzifunga lakiri. Kuhusu petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa daftari hutoa fununu tu. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kubaini uchakachuaji, kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 iliyawekea mafuta ya taa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili kuua faida ya kuyachanganya.

Kuna jambo la masilahi pia. Kwa kawaida dereva anayempelekea mwenye pikipiki hesabu ya kila siku ndiye anayenunua mafuta, ilhali matengenezo makubwa ni juu ya mwenye mali. Filta chafu, basi, inamgharimu mtu asiye na jukumu la kuibadilisha. Dereva mwenye rekodi ya miezi mitatu ana cha kuweka mezani anapomwomba bosi wake vipuri. Asiye nayo ana malalamiko tu.

Pikipiki za umeme zinabadilisha safu ya lita, si hesabu. Mjini Kigali, ambako kampuni ya Ampersand huwauzia madereva huduma ya kubadilishana betri, kinachoandikwa ni kilowati-saa kwa kilomita 100. Lita moja ya petroli hubeba nishati ya karibu kilowati-saa 9, na kwa kiwango hicho dereva aliyehama anaweza kuyaweka madaftari yake mawili kwenye kipimo kimoja.