Waitikiaji Nao Wana Majina

Santuri ya Thriller ya Michael Jackson ilitoka Novemba 1982. Wimbo wake wa kwanza, "Wanna Be Startin' Somethin'", unamalizikia kwa kiitikio ambacho sikio la Mswahili hudhani limesikia neno "makosa". Si makosa. Ni makossa, ngoma ya Waduala wa Kameruni, na kiitikio chenyewe kilitokana na "Soul Makossa" ya Manu Dibango, ya mwaka 1972.

Je, ni nani wanaoitikia? Pamoja na Jackson mwenyewe na wengine, wamo ndugu watatu wa familia moja: Julia, Maxine na Oren Waters. Ndugu yao mwingine, Luther, naye ni mwimbaji. Waliolelewa nyumba moja hutamka maneno namna moja, na kila mmoja anajua mwenzake atavuta pumzi wapi. Sauti zao hushikana kama nyuzi za ukili.

Katika miaka ya 1970 walitoa santuri zao wenyewe kwa jina la Waters, lakini umaarufu haukubisha hodi. Riziki waliipata katika nyimbo za wengine. Hata filamu ya The Lion King ya 1994, ile ya kina Simba na Rafiki, ina sauti zao.

Tatizo liko kwenye malipo. Mwimbaji mkuu hupata fungu lake kadiri santuri inavyouzwa. Mwitikiaji kwa kawaida hulipwa ujira wa siku ya kurekodi, basi. Dibango alikuwa mtunzi, hivyo alidai haki yake hadi akapatana na Jackson nje ya mahakama. Mwitikiaji hakutunga, atadai nini? Sheria ya Marekani ya 1995 ilijaribu kumkumbuka. Katika fedha zinazolipwa na redio za intaneti, asilimia 45 ni za msanii mkuu, na asilimia 2.5 ni za waitikiaji wote kwa jumla.

Kinachobaki ni jina. Zamani lilichapwa kwa herufi ndogo kwenye jalada, na mpenzi wa muziki aliweza kulisoma. Leo wengi husikiliza kwa simu, ambako jalada ni dogo kama stempu ya barua. Ilibidi itoke filamu ya 20 Feet from Stardom mwaka 2013, ikapata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, ndipo watu wengi wakaziona sura za kina Waters.

Na hapa kwetu? Tunao waitikiaji katika bendi za dansi na vikundi vya taarabu, ambao bila wao kibwagizo kingepwaya. Kuwalipa vizuri kunahitaji fedha na sheria. Kuwataja hakuhitaji hata senti moja. Chanda chema huvikwa pete. Mtangazaji anayesoma jina la mwimbaji na asome pia ya waliomwitikia.