Jinsi ya kujenga mfano wa reli ya zamani ya milimani

Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896. Ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu Desemba 1901. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa baada ya Nairobi: kuteremka Bonde la Ufa, kisha kupanda Mau, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari.

Leo stesheni nyingi ndogo za njia hiyo zimenyamaza, na wazee waliozifanyia kazi wanazidi kupungua. Njia moja ya kuhifadhi sura yake ni kujenga mfano mdogo: stesheni, tanki la maji, daraja na mlima wenyewe, juu ya meza. Kazi hii inaweza kufanywa na shule, kikundi cha vijana au mtu mmoja nyumbani. Si lazima treni itembee.

Anza na skeli

Skeli ni uamuzi wa kupunguza kila kitu kwa kiasi kilekile. Skeli rahisi ni 1 kwa 50, ambapo mita 1 ya kweli inakuwa sentimita 2. Mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 4, na jengo la mita 10 linakuwa sentimita 20. Reli ya zamani ina upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma, kwa hiyo kwenye meza ni sentimita 2.

Wanaonunua treni ndogo za umeme hutumia sana skeli ya 1 kwa 87. Ukichanganya skeli mbili, mtu atakuwa mrefu kuliko mlango, na macho yatagundua mara moja.

Chagua kipande kimoja na mwaka mmoja

Limuru iko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Naivasha iko karibu mita 1,900. Tofauti hiyo ya mita 300, kwa skeli ya 1 kwa 50, ni mita 6 kwenda juu. Hakuna darasa lenye dari ya namna hiyo. Kwa hiyo usijaribu kujenga bonde zima. Chagua stesheni moja, kona moja au daraja moja.

Kipande kizuri ni mteremko wa muda wa mwanzoni mwa reli. Njia ya kudumu ilipokuwa bado inajengwa, mabehewa yaliwekwa juu ya majukwaa yenye magurudumu na kushushwa kwa kamba za chuma kwenye mteremko mkali, ili vifaa vifike bondeni na kazi iendelee mbele. Mfano wake hauhitaji mota. Uzi na gurudumu la kuzungusha kwa mkono vinatosha.

Mwaka nao ni muhimu. Mikaratusi ililetwa Kenya mwaka 1902 ili kutoa kuni za reli. Ukiipanda kwenye mfano wa mwaka 1900, umekosea historia. Vivyo hivyo, zile injini kubwa za aina ya 59, kama Mount Gelai iliyoko kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi, zilitengenezwa Uingereza mwaka 1955 na 1956, na zilifanya kazi hasa kati ya Mombasa na Nairobi. Usiiweke moja juu ya daraja la Mau bila picha ya kuthibitisha.

Mlima

Tengeneza mifupa kwa vipande vya mbao au katoni ngumu, kisha funika kwa wavu wa kuku. Juu yake bandika tabaka tatu au nne za gazeti lililolowekwa kwenye gundi ya unga. Acha kila tabaka likauke kabla ya kuweka jingine. Malizia na tabaka jembamba la jasi, kisha chonga mawe kwa kisu kabla halijawa gumu kabisa.

Reli yenyewe isipande kwa ghafla. Mteremko wa asilimia 2 una maana kwamba kwa kila mita 1 ya meza, reli inapanda sentimita 2 tu. Magurudumu ya chuma huteleza kwenye mteremko mkali. Ndiyo maana reli ya milimani hujipinda pembeni mwa mlima badala ya kuupanda moja kwa moja.

Majengo

Pima jengo halisi kwanza. Omba ruhusa, na usisimame juu ya reli wala daraja. Simamisha fimbo ya mita 1 kando ya ukuta, kisha piga picha kwa simu ukiwa umelikabili jengo moja kwa moja. Fimbo hiyo itakupa vipimo vya madirisha, milango na paa.

Kuta zijengwe kwa katoni au manila. Kwa mabati, usitumie mawimbi ya ndani ya katoni. Ni makubwa mno. Wimbi la bati la kawaida lina milimita 76, kwa hiyo katika skeli yetu ni milimita 1.5. Huo ndio upana wa uzi wa bolti ya kawaida ya milimita 10. Kandamiza karatasi ya alumini ya kufungia chakula katikati ya bolti mbili za aina hiyo, nawe utapata bati. Lipake rangi ya kutu kidogo, hasa kwenye ncha na pale maji yanapotiririka.

Madaraja

Kampuni ya American Bridge ya Marekani ilileta madaraja 27 ya nguzo za chuma kwa ajili ya sehemu ya Mau. Miguu ya madaraja kama hayo hutanuka chini na kukaribiana juu. Kunja vipande vyembamba vya manila viwe kona ili kuiga vyuma, na tumia uzi wa cherehani uliopakwa gundi kwa vyuma vyembamba vya mshazari.

Mimea na udongo

Kokoto za reli ni mchanga uliochekechwa. Majani makavu ni nyuzi za katani zilizokatwa fupi. Majani mabichi ni unga wa mbao uliotiwa rangi. Juu kwenye baridi weka mitarakwa na mianzi. Chini bondeni weka migunga na leleshwa. Udongo chukua palepale, uukaushe na kuuchekecha, kwa sababu hakuna rangi ya dukani inayoufikia.

Andika kila kitu

Huko California, Marekani, John Allen alijenga mfano maarufu sana wa reli ya milimani nyumbani kwake. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto uliteketeza kazi yake. Watu bado wanajifunza kutoka kwayo kwa sababu picha na maandishi yake vilibaki.

Kwa hiyo weka daftari la vipimo, picha zenye tarehe, na majina ambayo wazee wanayatumia kwa kila jengo. Waulize palikuwa na nini mahali ambapo sasa pana nyasi tu. Katoni inaweza kuliwa na mchwa, lakini mwenye daftari ataijenga stesheni ile tena.