Mawe, Makaa na Betri: Historia ya Chombo Tunachokitumia Kila Siku

Utangulizi

Tochi na redio za transista zilipoenea katika eneo letu, kila lugha ililazimika kukipa jina kile kimkebe kidogo kinachotia umeme ndani yake. Wasemaji wengi wa Kiswahili walikiita jiwe, wakasema mawe ya tochi na mawe ya redio. Wanyarwanda walisema amabuye, neno lenye maana hiyo hiyo. Hapa Uganda wasemaji wa Luganda walisema amanda, yaani makaa. Neno betri nalo lilikuwapo, na hatimaye ndilo lililopata nafasi katika vitabu vya shule.

Wako wanafunzi wanaodhani kwamba jiwe na makaa ni majina ya watu wasiojua sayansi, na kwamba betri ndilo neno la kitaalamu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Sisi si wanakemia, ila tumezoea kufuatilia asili ya maneno, na tukifuatilia asili ya maneno ya betri tunakuta kwamba historia ya chombo hiki ni historia ya watu waliotafuta mawe yafaayo. Tena baadhi ya mawe hayo yanachimbwa na watu wanaozungumza Kiswahili. Kwa hiyo somo hili linatuhusu walimu wa lugha kama linavyowahusu wenzetu wa kitivo cha sayansi.

Neno la mizinga, chombo cha sarafu

Tuanze na neno lenyewe. Betri limetoka katika Kiingereza, nacho Kiingereza kililipata kutoka Kifaransa, katika kitenzi chenye maana ya kupiga. Lilikuwa neno la jeshi, lenye maana ya mizinga iliyopangwa pamoja ili ifyatuliwe kwa mfululizo. Mnamo miaka ya 1740 Mmarekani Benjamin Franklin alipanga chupa kadhaa za kuhifadhia umeme, akaziunganisha ili nguvu yake itoke kwa pamoja. Kwa kuwa mpangilio ule ulimkumbusha mizinga, aliuita kwa jina hilo. Hivyo neno tunaloliona la kitaalamu ni sitiari ya vita, wala halituelezi chochote kuhusu kilichomo ndani.

Betri ya kweli ya kwanza ilikuja mwaka 1800. Luigi Galvani wa Bologna, Italia, alikuwa ameona kwamba miguu ya chura aliyekufa hushtuka inapoguswa na metali mbili tofauti, akadhani kwamba umeme unatoka kwa mnyama. Mwenzake Alessandro Volta wa Pavia hakukubali. Alisema umeme unatokana na zile metali. Ili kuthibitisha, alipanga visahani vya zinki na vya fedha au shaba, kimoja juu ya kingine kama rundo la sarafu, na katikati akaweka vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Rundo lile lilitoa umeme mfululizo bila chura yeyote. Mwezi Machi mwaka huo Volta aliandika barua kwa Royal Society ya London kutangaza matokeo hayo.

Kanuni ya betri haijabadilika tangu siku hiyo. Huhitajiwa vitu viwili vya asili tofauti, kimoja chepesi kutoa elektroni na kingine chepesi kuzipokea, na katikati pawe na majimaji au uji unaopitisha ioni. Elektroni hazipiti katika uji huo, bali huzunguka kwa njia ya waya wa nje, na katika kuzunguka huko huwasha taa. Mengine yote yaliyofuata ni kutafuta ni kitu gani kiwekwe upande huu na kipi upande ule.

Risasi na makaa

Rundo la Volta lilikuwa na kasoro kubwa: likiisha, limekwisha. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri iliyoweza kujazwa umeme tena, kwa kutumia mabamba ya risasi yaliyozamishwa katika asidi ya salfa. Risasi hapa ni metali ile laini na nzito, ambayo Kiswahili kimeipa jina moja na kitu kinachotoka katika bunduki. Betri ya Planté, pamoja na marekebisho mengi, ndiyo ambayo bado huwasha injini za magari mengi hadi leo, zaidi ya miaka 160 baadaye.

Mfaransa mwingine, Georges Leclanché, alitengeneza mwaka 1866 betri yenye zinki upande mmoja, na upande wa pili unga wa manganizi uliozunguka kijiti cha kaboni. Ilitumika katika telegrafu na kengele, lakini ilikuwa na majimaji ambayo yangeweza kumwagika. Mnamo mwaka 1886 Mjerumani Carl Gassner aliyageuza majimaji hayo kuwa uji mzito, akaufungia ndani ya mkebe wa zinki. Ndipo ikapatikana betri kavu, inayoweza kulazwa, kugeuzwa na kutiwa mfukoni. Bila betri ya aina hii tochi isingekuwapo, wala redio ndogo iliyobebwa mpaka vijiji ambavyo havijaona nguzo ya umeme.

Mtoto yeyote wa kwetu aliyewahi kupasua betri kuukuu ya redio anakijua kijiti kile cheusi cha katikati, kwani huandika ukutani kama mkaa. Aliyesema amanda alikuwa ametazama ndani. Naye aliyesema jiwe hakukosea, kwa sababu zinki na manganizi vyote viwili hutoka katika mawe ya mgodini.

Jiwe la Kigiriki

Tukifika katika betri ya simu ya mkononi, jina la jiwe linarudi kwa namna ya ajabu kidogo. Mwaka 1817 mkemia Johan August Arfwedson wa Sweden alichunguza jiwe kutoka kisiwa cha Utö, akagundua ndani yake metali mpya. Waliipa jina la lithiamu kutokana na neno la Kigiriki lithos, ambalo maana yake ni jiwe. Kwa hiyo anayesema betri ya lithiamu anasema, kwa Kigiriki, betri ya jiwe.

Lithiamu ndiyo metali nyepesi kuliko zote, na hutoa elektroni kwa urahisi mno. Sifa hizo ziliwavutia watafiti katika miaka ya 1970. Kampuni ya mafuta ya Exxon nchini Marekani ilimwajiri Mwingereza Stanley Whittingham, naye akatengeneza betri ya lithiamu na titani salfaidi, ambayo habari zake zilichapishwa mwaka 1976. Ilifanya kazi vizuri, lakini lithiamu tupu ni hatari. Kila ilipojazwa umeme iliotesha nyuzinyuzi za metali ambazo hatimaye zilivuka upande wa pili na kusababisha moto. Bei ya mafuta iliposhuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, Exxon iliiacha kazi hiyo.

Hatua iliyofuata ilipigwa Oxford mwaka 1980. John Goodenough na wenzake, miongoni mwao Mjapani Koichi Mizushima, waligundua kwamba oksidi ya kobalti inaweza kuzihifadhi ioni za lithiamu katikati ya matabaka yake, na kwamba betri yake itafikia volti 4. Chuo hakikutaka kugharimia hataza ya uvumbuzi huo. Goodenough akaikabidhi haki yake kwa taasisi ya utafiti wa atomu ya Harwell, na hakulipwa mrabaha wowote.

Upande wa pili wa betri ulipata jibu kutoka kwa Mwafrika. Rachid Yazami, mzaliwa wa Fes nchini Morocco, akiwa mtafiti kijana huko Grenoble, Ufaransa, alionyesha mwaka huo huo wa 1980 kwamba ioni za lithiamu zinaweza kuingia katika matabaka ya madini ya kinywe na kutoka tena bila kuyaharibu. Kinywe ni kaboni, ndugu wa mkaa. Ni madini yale yale meusi yaliyomo ndani ya penseli, ambayo sisi huiita kalamu ya risasi ingawa haina risasi hata chembe. Mwaka 1985 Akira Yoshino wa Japani alitumia kaboni itokanayo na mafuta ya petroli upande mmoja na oksidi ya kobalti upande wa pili, bila lithiamu tupu mahali popote. Ioni zikawa zinahama tu: betri inapojazwa zinakwenda kupanga katika kaboni, inapotumika zinarudi kwenye kobalti. Mwaka 1991 kampuni ya Sony iliingiza sokoni betri ya aina hiyo.

Goodenough, Whittingham na Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97, na alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 100. Yazami hakuwamo katika tuzo hiyo, ingawa mwaka 2014 alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Draper ya uhandisi pamoja na Goodenough, Yoshino na Yoshio Nishi wa Sony. Wanafunzi wa Kiafrika wanastahili kulijua jina lake.

Madini yanayochimbwa kwa Kiswahili

Kobalti pia ina jina lenye hadithi. Wachimbaji wa Ujerumani wa zamani walikuta mawe yaliyofanana na ya madini ya thamani, lakini walipoyayeyusha walipata moshi wenye sumu tu. Walisema ni kazi ya Kobold, pepo mkorofi wa migodini, na jina likabaki.

Katika miaka ya karibuni zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani imetoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga, ambako huchimbwa pamoja na shaba. Eneo hilo lote lilikuwa jimbo moja la Katanga, ambalo wakati wa Mobutu lilipewa jina la Kiswahili: liliitwa Shaba hadi mwaka 1997. Kiswahili cha huko kilikua pamoja na migodi. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na kwingineko, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazi na ya kambi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliieleza historia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986. Waasi walipouteka mji wa Kolwezi mwezi Mei 1978, bei ya kobalti duniani ilipanda mara kadhaa. Ndipo viwanda vya mbali vilipotambua jinsi vinavyoutegemea mji huo.

Simu na magari ya umeme vimeongeza utegemezi huo. Pamoja na migodi mikubwa ya makampuni, maelfu ya watu huchimba kwa mikono, kwa sururu na koleo, katika mashimo yanayoweza kuporomoka. Mwezi Januari 2016 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti kuhusu hali yao, pamoja na watoto waliokutwa wakichambua na kuosha mawe. Madini yakishatoka, sehemu kubwa husafishwa China, na betri huundwa huko huko. Serikali ya Kongo ilisimamisha kuuza kobalti nje mwezi Februari 2025, na kuanzia Oktoba mwaka huo ikaweka viwango maalumu vya mauzo, ili kuinua bei iliyokuwa imeshuka sana.

Uganda nayo ina sehemu yake. Mgodi wa shaba wa Kilembe uliacha karibu na Kasese lundo kubwa la mabaki, na kuanzia mwaka 1999 kiwanda cha Kasese kilitoa kobalti katika lundo hilo kwa kutumia bakteria walioachiwa wayale mawe. Uzalishaji ulikoma katika miaka ya 2010. Mwaka 2011 wanafunzi na wahadhiri wa Makerere walitoa gari lao la umeme, Kiira EV.

Utafiti, hata hivyo, haumsubiri mtu. Mwaka 1997 Goodenough na wenzake wa Texas walichapisha habari za betri inayotumia chuma na fosfati, bila kobalti. Betri hiyo ni nzito kidogo lakini ni rahisi na salama zaidi, na mwaka 2024 ilichukua karibu nusu ya soko la betri za magari ya umeme. Uundaji wa betri kwa wingi pia umeshusha bei: kilowati-saa moja iliyogharimu zaidi ya dola 1,000 mwaka 2010 ilifika karibu dola 115 mwaka 2024. Kuna hata betri za sodiamu, metali iliyomo katika chumvi ya kawaida, ambazo kampuni ya CATL ya China ilizitangaza mwaka 2021. Jiwe linalotafutwa leo huenda lisitafutwe kesho, na mwenye kuuza jiwe bila kujua linatumikaje ndiye wa mwisho kupata habari.

Hitimisho

Hapo ndipo kazi yetu inapoanza. Kobalti huchimbwa, hubebwa na kupimwa kwa Kiswahili, lakini ikishavuka lango la mgodi huelezwa kwa Kifaransa, Kiingereza na Kichina. Mchimbaji wa Kolwezi analijua jiwe lake kwa rangi na uzito, lakini hana kitabu cha lugha yake cha kumweleza kwa nini dunia inalitaka. Maneno ya kuandikia kitabu hicho tunayo. Kinywe ni neno la kawaida katika taarifa za madini za Tanzania. Risasi, shaba, hataza na mrabaha yamo katika kamusi. Ioni na elektroni zimeshazoeleka.

Tunawapendekezea walimu zoezi moja. Wanafunzi wakusanye majina ya betri katika lugha zao za mama, waeleze maana ya kila jina, kisha waandike kwa Kiswahili sanifu aya tatu zinazoeleza jinsi betri kavu inavyofanya kazi, bila kuazima neno ambalo Kiswahili tayari kinalo. Mwanafunzi atakayeleta jina la jiwe au la makaa asisahihishwe kwa wino mwekundu. Aulizwe kilichomo ndani, na ajibu.