Dini, Mila na Siasa Katika Ankole

Ankole hii iliyotupokea nayo imepita katika mtihani tunaoujua.

Mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana huko Mengo, na Kapteni Lugard akawasaidia Waprotestanti. Tangu hapo vyeo vikafuata dhehebu, hata huku Ankole. Chama cha DP kilichoanzishwa mwaka 1954 kilitaniwa kuwa ni "Dini ya Papa". UPC kikahesabiwa kuwa cha Waprotestanti. Lakini hapa mila iliingia kati: Wahima wengi, ingawa walikuwa Waprotestanti, waliungana na Wairu Wakatoliki katika DP, dhidi ya Wairu Waprotestanti waliodai usawa. Basi ugomvi haukuwa wa sala, bali wa nani atakalia kiti.

Mwaka 1967 serikali ya Obote ilifuta falme. Mwaka 1993 nyingine zilirudishwa. Ya Ankole haikurudishwa, maana wenyewe hawakukubaliana.

Sisi tuliokimbia tunajua mwisho wa ugomvi kama huo. Tunapochagua wanakamati hapa Nakivale, tusiulize mtu anasali wapi wala kabila lake. Tuulize: atasimamia foleni ya maji kwa haki?