Unyofu wa Mtunzi na Masikio ya Hadhira: "Mambo kwa Soksi" na Msikilizaji wa Singida

Wimbo ukishatoka kinywani mwa mtunzi huwa mali ya wanaousikiliza. Jambo hili hudhihirika zaidi katika taarabu ya mwambao. Mtu huinuka kumtunza mwimbaji huku akimwelekea hasimu wake, na ubeti uliotungwa kwa ajili ya mwingine hugeuka kuwa mshale wake. Hapo nia ya mtunzi haiulizwi, kwa kuwa mila yenyewe ya fumbo imeyaruhusu matumizi hayo.

Je, kanuni hiyo yatosha kwa wimbo wa nasaha? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978, aliimba "Mambo kwa Soksi". Soksi ni kondomu, na shabaha ilikuwa kuwakinga watu na UKIMWI. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikataa kuurusha wimbo huo. Sitiari haikuwa kikwazo, ilifumbuliwa barabara. Kilichosomwa vibaya ni kusudi: onyo lilihesabiwa kuwa ukosefu wa staha.

Kosa hilo lilikuwa na gharama. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara, Singida ikiwamo, ilikuwa imetoa taarifa za wagonjwa. Utangazaji ulikuwa bado mikononi mwa serikali. Sheria iliyovifungulia mlango vituo binafsi ilitungwa mwaka 1993. Mkazi wa Dar es Salaam aliweza kuufuata wimbo ukumbini. Mkulima wa Iramba au Manyoni, asemaye Kinyiramba, Kinyaturu au Kigogo nyumbani, aliitegemea redio, au kanda iliyomfikia kwa bahati.

Hivyo basi, unyofu wa mtunzi hauamui maana ya maneno. Maana huamuliwa na wenye lugha. Hata hivyo, katika wimbo wa nasaha unyofu ni sehemu ya ujumbe wenyewe, kwani msikilizaji anaombwa abadili mwenendo wake, naye hawezi kufanya hivyo bila kumwamini anayemwonya. Mhakiki anayeuweka kando kwa hoja kwamba hadhira ndiyo mwamuzi hana budi kueleza ni hadhira ipi. Katika mkasa huu wachache walisikia na kuhukumu kwa niaba ya wengi, ambao hawakupata hata nafasi ya kuuelewa wimbo vibaya.