Uzito Unaporudi: Historia Fupi ya Upasuaji wa Unene na Wanaonenepa Tena

Upasuaji wa kupunguza uzito, yaani ule unaolipunguza tumbo au kuibadili njia ya chakula utumboni ili mtu mwenye unene uliokithiri ale kidogo au mwili wake usharabu kidogo, una historia isiyofikia miaka themanini, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa kwa kuhesabu kilo zilizopungua. Kilo zilizorudi zimepewa nafasi finyu, ingawa ndizo zilizowasumbua wagonjwa kwa muda mrefu zaidi, na ingawa kila kizazi cha madaktari kililazimika kwanza kueleza kwa nini zinarudi kabla ya kumshauri mgonjwa la kufanya. Lawama ilitupiwa kwanza mshono, ikahamia kwa mlaji na tabia zake, kisha ikafika kwenye homoni, na kila ilipohama, ushauri wa kumrejesha mgonjwa katika njia yake ulibadilika pamoja nayo.

Mwaka 1954 Kremen, Linner na Nelson, waliokuwa Minnesota nchini Marekani, walichapisha majaribio ya mbwa yaliyoonyesha kwamba sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba ikiwekwa kando, mnyama hushindwa kusharabu mafuta ipasavyo na hukonda. Wazo hilo lilihamishiwa kwa binadamu, na kufikia mwaka 1969 Payne na DeWind wa Los Angeles walikuwa wakiunganisha takribani sentimita 35 za mwanzo wa utumbo mwembamba na sentimita 10 za mwisho wake, huku mita kadhaa za katikati zikiachwa bila kupitiwa na chakula. Wagonjwa walikonda sana, lakini walilipa gharama kubwa: kuharisha kusikokoma, upungufu wa vitamini na madini, mawe ya figo, maumivu ya viungo, na kwa baadhi yao ini kushindwa kufanya kazi hadi kufa. Katika miaka ya 1970 na 1980 wengi walilazimika kurudi hospitalini ili utumbo wao uunganishwe upya kama ulivyokuwa, na hapo likatokea jambo ambalo lilistahili kuchunguzwa kuliko lilivyochunguzwa, kwani waliorudishiwa utumbo wao walinenepa tena, mara nyingi hadi kukaribia uzito wa awali. Watu hao walikuwa wameishi na mwili mwembamba kwa miaka, wengine wakiwa wamebadili nguo, kazi na mazoea ya meza, na hakuna lolote kati ya hayo lililouzuia mwili kuudai uzito wake wa zamani. Madaktari wengi wa wakati huo waliona katika matokeo hayo kasoro ya aina moja ya upasuaji, na wakaelekeza juhudi zao katika kubuni upasuaji ulio bora.

Upasuaji huo ulikuwa tayari umeanza Iowa. Edward Mason, aliyejifunza upasuaji Minnesota, alikuwa ameona kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda hubaki wembamba, na mwaka 1966 yeye na Chikashi Ito waliligawa tumbo na kuacha kimfuko kidogo juu, kilichounganishwa moja kwa moja na utumbo. Mwaka 1977 Griffen na wenzake waliunganisha kimfuko hicho na utumbo uliokatwa kwa umbo la herufi Y, mtindo uliopewa jina la César Roux, daktari wa Lausanne, na ambao unatumika hadi leo. Mason mwenyewe aliendelea kutafuta njia isiyogusa utumbo kabisa, na katika miaka ya 1980 alieneza ile ya kubana tumbo kwa mstari wima wa pini za chuma na kuuzungushia mkanda mlango wa kimfuko ili usitanuke.

Hapo ndipo maelezo ya mshono yalipata nguvu. Pini zilifunguka, chakula kikapata njia ya kuingia katika sehemu ya tumbo iliyokuwa imefungwa, vimfuko vikatanuka, na mgonjwa aliyenenepa tena akaanza kutazamwa kama nyumba inayovuja, inayohitaji fundi arudi na vifaa vyake. Upasuaji wa marudio ukawa tawi lenye wataalamu wake, ingawa kila aliyeufanya alijua kwamba makovu ya mara ya kwanza hugandisha viungo pamoja na kuongeza hatari ya mshono mpya kuvuja. Fundi hakuwa na kosa kuangalia paa, kwa kuwa mara nyingine lilikuwa kweli limetoboka. Tatizo ni kwamba wagonjwa wengi walionenepa tena walikuwa na kimfuko kizima na pini zilizokaa imara.

Kwa hao, lawama ilihamia mezani. Mwaka 1987 Sugerman na wenzake wa Richmond, Virginia, walilinganisha mbinu ya Mason ya pini na ile ya kuunganisha kimfuko na utumbo, wakagundua kwamba wapenda vitu vitamu hawakupungua sana kwa mbinu ya pini kama kwa ile nyingine. Sukari na vinywaji laini havihitaji nafasi kubwa, hivyo hupenya mlango mwembamba bila shida, ilhali waliounganishwa utumbo hupata kile ambacho madaktari hukiita hali ya kumwaga, ambapo sukari huingia utumboni kwa ghafla na kuleta jasho, mapigo ya moyo ya kasi na kichefuchefu, kiasi cha kumfanya mtu aiogope keki. Kutokana na uchunguzi wa aina hii ulijengeka ushauri ambao kliniki nyingi bado huutoa kwa mtu anayetaka kurudi katika mstari: kuanza mlo kwa protini, kutafuna polepole, kutokunywa wakati wa kula, kuacha vinywaji vyenye sukari na kula ovyo kati ya milo, kujipima uzito mara kwa mara, na kurudi kwa mtaalamu wa lishe. Ushauri huo ni wa busara. Ulipotolewa kwa sauti ya karipio, hata hivyo, uliwafanya wengi waikimbie kliniki wakati walipoihitaji zaidi, na ni vigumu kuona ulivyotarajiwa kufanya vinginevyo.

Uchunguzi uliozipunguza makali lawama hizo ulitoka Sweden, ambako kuanzia mwaka 1987 Lars Sjöström na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 2,010 waliofanyiwa upasuaji na kuwalinganisha na watu wenye unene uliokithiri waliotibiwa kwa njia za kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliounganishwa kimfuko na utumbo walifikia upungufu wa juu kabisa, asilimia 32 ya uzito wa awali, baada ya mwaka mmoja hadi miwili, kisha baada ya miaka kumi wakatulia kwenye asilimia 25. Waliobanwa kwa pini walishuka kwa asilimia 25 na kutulia kwenye 16, na waliofungwa mkanda tu, bila pini, kutoka 20 hadi 14. Kwa maneno mengine, kurudi kwa sehemu ya uzito kulikuwa ndiyo kawaida ya kundi zima, wala si aibu ya wachache waliokosa nidhamu. Vifo pia vilikuwa vichache zaidi miongoni mwa waliopasuliwa, jambo lililoonyesha kwamba mtu aliyerudisha kilo kadhaa alikuwa bado amenufaika.

Wakati huohuo fiziolojia ilikuwa imeanza kueleza kinachovuta uzito kurudi. Ghrelini, homoni inayotolewa zaidi na sehemu ya juu ya tumbo na kuamsha njaa, iligunduliwa Japani mwaka 1999 na kundi la Kojima na Kangawa, na mwaka 2002 Cummings na wenzake wa Seattle waliripoti kwamba kiwango chake hupanda kwa watu waliopungua kwa kula kidogo, lakini kilikuwa chini sana kwa waliounganishwa kimfuko na utumbo. Upasuaji, ulioaminiwa kwa nusu karne kuwa kazi ya kubana na kuruka, ulianza kueleweka kama kazi ya kubadili mazungumzo kati ya tumbo na ubongo, na uzito unaorudi ukasomwa kama mazungumzo hayo kurejea, kwa baadhi ya watu, katika hali yake ya zamani.

Hata namna ya kupima ilibidi ifikiriwe upya. Mwaka 2018 King na wenzake, wakitumia takwimu za hospitali kadhaa za Marekani, walionyesha kwamba kilo tano kwa mtu aliyepungua hamsini si sawa na kilo tano kwa aliyepungua ishirini, na kwamba kipimo kinachoendana vizuri zaidi na hali ya afya ni asilimia ya uzito uliorudi kati ya ule uliopotea. Kipimo hicho kinamsaidia daktari kutofautisha mgonjwa anayehitaji kuzungumza tu na mtaalamu wa lishe na yule anayehitaji kuchunguzwa kwa kamera ya tumboni kuona kama mlango wa kimfuko umetanuka, ambao siku hizi huweza kushonwa kupitia mdomoni bila kupasua tumbo.

Dawa zinazoiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, ambayo huongeza hisia ya kushiba, ndizo sura ya karibuni. Katika jaribio lililofanyika London na kuchapishwa mwaka 2023, watu 70 ambao upasuaji ulikuwa umewapunguzia asilimia 20 ya uzito au chini ya hapo walipewa liraglutaidi, mojawapo ya dawa hizo, au dawa bandia kwa wiki 24. Waliopata dawa halisi walipungua kwa wastani wa asilimia 8.8, na wenzao kwa karibu nusu asilimia. Wanaozitumia dawa hizi baada ya upasuaji hula kiasi kidogo zaidi kwa mwili ambao tayari husharabu madini kwa shida, kwa hiyo kliniki zinazowahudumia huwapima mara kwa mara madini ya chuma, vitamini B12 na vitamini D, huwahimiza wafikishe kiwango chao cha protini kila siku, na huwaeleza mapema kwamba dawa ikiachwa, uzito unaweza kurudi tena.