Ubishi wa Mpira Kusini mwa Nyanza

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, ubishi mkubwa wa mashabiki wa kandanda unahusu mpira upi wenye wafuasi: wa nyumbani au wa Uingereza. Ni tofauti na ubishi wa Marekani, ambako kwa miaka mingi wapenzi wa michezo wamevutana kama soka inapendwa kweli au ni mchezo wa wahamiaji na watoto wa shule tu, mbele ya besiboli, mpira wa kikapu na ule mpira wao wa kofia ngumu. Kusini mwa Nyanza hakuna anayeuliza kama kandanda inapendwa. Kinachogombewa ni nani anayefaidi mapenzi hayo, Gor Mahia au Arsenal, SoNy Sugar au Manchester United, na ilikuwaje hata wa mbali akapata nafasi mezani.

Baada ya uhuru kaunti hizo mbili zilikuwa wilaya moja ya South Nyanza, makao yake makuu yakiwa mjini Homa Bay. Kabla ya mpira wa miguu, vijana wa Kijaluo walipimana ubavu kwa olengo, yaani mieleka, na kwa adhula, mchezo wa magongo. Kandanda iliingia kwa mlango wa shule na misheni. Waadventista Wasabato walifungua kituo Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906. Wakatoliki nao wakajenga Asumbi. Misheni hizo zilileta mpira, na hapohapo zikaleta kizuizi chake. Msabato hashiki shughuli za kidunia kuanzia machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi, na South Nyanza ni ngome ya Wasabato. Mechi ya Jumamosi alasiri ilikuwa, na bado ni, mtihani wa imani kwa maelfu ya watu ambao Jumapili huwakuta wako tayari kwa lolote.

Ushabiki wa timu, kwa maana ya kuwa na klabu inayomfuata mtu hadi kaburini, haukuanzia viwanja vya shule. Ulitoka mjini. Wanaume waliokwenda kutafuta kazi Nairobi, Mombasa na Kampala walijiunga na vyama vya kusaidiana, na chama kikubwa cha Wajaluo, Luo Union, kilikuwa na timu ya mpira. Ligi ya taifa ya Kenya ilipoanza mwaka wa 1963, bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All Stars. Mwaka uliofuata taji likaenda kwa Luo Union. Huko nyumbani habari zilifika kwa barua, kwa basi na kwa mtu aliyerudi likizoni akiwa na gazeti lililokunjwa mfukoni. Shabiki wa Ndhiwa au Rongo aliweza kuipenda timu kwa miaka kumi bila kuiona ikicheza hata mara moja. Jambo hilo lafaa kuwekwa akilini, maana hoja inayorudiwa sana leo ni kwamba kumpenda mchezaji usiyeweza kumfikia ni ugonjwa ulioletwa na televisheni.

Tarehe 17 Februari 1968 Luo Union na Luo Sports Club ziliunganishwa na kuzaa Gor Mahia. Jina lilitoka Homa Bay. Gor Mahia alikuwa mganga na kiongozi wa Kanyamwa, katika Ndhiwa ya leo, aliyesifika kwa mambo ya ajabu ambayo watu bado wanayasimulia. Klabu ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka huohuo wa kwanza, na wapo waliosema hilo lilikuwa la kutarajiwa. Hata hivyo umoja haukudumu. Luo Union ilifufuka ikawa klabu ya kuogopwa, ikachukua ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka wa 1976 na tena 1977. Ubishi mkali wa miaka hiyo, basi, ulikuwa wa ndugu na ndugu. Mwaka wa 1976 Gor Mahia ilimaliza ligi bila kufungwa mechi hata moja, huku Luo Union ikiwa na kombe la kanda; nani alikuwa mkubwa? Upande wa pili kulikuwa na Abaluhya, baadaye AFC Leopards, watani ambao mechi yao na Gor huitwa ya mashemeji kwa sababu Wajaluo na Waluhya wameoana tangu zamani. Serikali ilipopiga marufuku majina ya kikabila mwaka wa 1980, Luo Union ikawa Reunion na nguvu zake zikapungua. Gor Mahia, ambayo jina lake lilikuwa la mtu na si la kabila, ilipita salama.

Chombo cha enzi hiyo kilikuwa redio. Sauti ya Kenya ilitangaza mechi kubwa kwa Kiswahili, na watangazaji kama Leonard Mambo Mbotela na Mohammed Juma Njuguna walijulikana vijijini kuliko mawaziri wengi. Redio moja ilitosha boma zima pamoja na majirani. Betri zikianza kuchoka zilitolewa na kuanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya dakika tisini, na mwenye redio ndiye aliyeamua nani akae karibu. Mtangazaji alipaza sauti hata kwa pasi ya kawaida, kwa hiyo kila shambulizi lilikuwa la hatari na kila kipa alikuwa shujaa. Uwanja ulijengwa kichwani, na kila mtu alijenga wake. Mabishano ya kesho yake sokoni yalikuwa ya watu ambao wote hawakuona kitu, jambo lililoyafanya yasiwe na mwisho.

Ndivyo walivyopokea kipigo cha mwaka wa 1979, Gor Mahia ilipofika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika na kufungwa na Canon Yaoundé ya Kamerun jumla ya mabao 8 kwa 0. Na ndivyo walivyopokea tarehe 5 Desemba 1987. Katika fainali ya kombe hilohilo, Gor ilikuwa imetoka sare ya 2-2 na Espérance mjini Tunis. Kasarani matokeo yakawa 1-1, na kombe likabaki Nairobi kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Nahodha alikuwa Austin Oduor; Peter Dawo alikuwa mfungaji bora wa mashindano hayo. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara, na mashabiki wa South Nyanza wanaotaka kufunga mjadala huutaja mwaka huo kama wakili anayetoa hati ya shamba.

Ulinganisho na Marekani unasaidia hapa kuliko unavyotazamiwa. Mwaka uleule wa 1968 Marekani nayo ilianza ligi mpya ya soka, NASL, ambayo pia ilizaliwa kwa kuunganisha ligi mbili hasimu. Ilikuwa na fedha ambazo Gor Mahia haikuziota: mwaka wa 1975 New York Cosmos ilimsajili Pelé. Viwanja vilijaa kwa muda, kisha ligi ikafa baada ya msimu wa 1984. Klabu iliyokuwa na nyota wa dunia lakini haina ukoo ilitoweka, ilhali ile ya Nairobi, isiyo na hata uwanja wake, ilitwaa kombe miaka mitatu baadaye. Lakini wanaodai kwamba Wamarekani hawaupendi mpira hukwazwa na Kombe la Dunia la 1994. Watu zaidi ya milioni 3.5 waliingia viwanjani, wastani wa karibu 69,000 kwa mechi, rekodi ambayo haikuvunjwa na mashindano kadhaa yaliyofuata hata timu zilipoongezwa. Fainali ya Brazil na Italia huko Pasadena ilichezwa mchana, na kwa Afrika Mashariki ikaanza saa nne na nusu usiku. Ligi mpya, MLS, ikafuata mwaka wa 1996.

Wakati Marekani inajenga upya, Kenya ilikuwa inabomoka. Gor Mahia ilichukua ligi mwaka wa 1995, kisha ikakaa miaka 18 bila taji hilo. Uongozi wa soka uligawanyika makundi, wachezaji wakakosa mishahara, na FIFA ikaifungia Kenya mwaka wa 2004 na tena 2006. Katika pengo hilo ndipo Ulaya ilipoingia. Wazee walikuwa wameshaonja mpira wa Ujerumani kupitia kipindi cha televisheni ya taifa, lakini kilikuwa kipindi cha mara moja kwa wiki. Ligi Kuu ya Uingereza iliyoanza mwaka wa 1992 ililetwa na dishi la setilaiti, moja kwa moja, kila wikendi.

Wachache walimudu dishi. Hivyo pakazaliwa ukumbi wa video: chumba cha mabati chenye mabenchi, jenereta nje kwa siku ambazo umeme umepotea, ubao mlangoni ulioandikwa kwa chaki timu na saa, na kijana wa kukusanya kiingilio. Migori mjini, Rongo, Awendo, Oyugis, Mbita, hakuna kituo cha biashara kilichokosa. Hata Sabato ilipata mwafaka wake. Jua huzama kanda hii kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na mechi ya mwisho ya Jumamosi huko Uingereza huanza Kenya saa moja na nusu au saa mbili na nusu usiku, kutegemea majira ya kwao. Msabato anaweza kutoka kanisani, kula, kisha kuitazama bila kuvunja amri. Hakuna mechi ya ligi ya Kenya iliyowahi kupangwa kwa kumfikiria hivyo.

Kwa hiyo dai kwamba Ulaya iliupora mpira wa Kenya mashabiki linageuza mfuatano wa mambo. Nyumba ilikuwa imeachwa wazi. Ushahidi mzuri uko Awendo, Migori, mji uliokua kando ya kiwanda cha South Nyanza Sugar. Kampuni hiyo iliendesha timu, SoNy Sugar, iliyochezea katika uwanja uliozungukwa na mashamba ya miwa, na mwaka wa 2006, katikati ya vurugu zote hizo, ikawa bingwa wa Kenya. Timu ya mji mdogo ilizishinda za Nairobi na Mombasa wakati kumbi za video zilikuwa zimejaa. Kasoro ilikuwa moja: Gor Mahia ilipokuja Awendo, mara nyingi mgeni ndiye aliyekuwa na kelele zaidi. Mwajiri alikuwa SoNy, lakini ukoo ulikuwa K'Ogalo, kama mashabiki wanavyoiita Gor Mahia.

Mpaka nao una mchango wake. Migori inapakana na Tanzania, na kutoka Isebania hadi Sirari ni hatua chache. Wakuria wanaishi pande zote mbili, na redio za Tanzania husikika bila kuombwa. Upande wa Kehancha, Yanga na Simba, klabu za Dar es Salaam zilizoanzishwa 1935 na 1936, zina wafuasi wa kweli, wanaouona mvutano wa Gor na Arsenal kuwa habari za Wajaluo. Kwa upande wa Kisii kuna Shabana, iliyorudi ligi kuu mwaka wa 2023.

Ufufuo ulianza 2013, Gor Mahia ilipomaliza ukame wake. Mwaka wa 2015 ikashinda ligi bila kufungwa, kama 1976. Fedha za kampuni ya kamari ya SportPesa zilichangia, na zikazaa kichekesho cha aina yake: mashabiki waliokuwa wakibishana kati ya Gor na Uingereza wakaziona zikikutana. Mwezi wa Julai 2017 Everton iliishinda Gor 2-1 Dar es Salaam, Wayne Rooney akifunga. Mwaka uliofuata huko Liverpool mambo yakawa 4-0. Mwaka wa 2019 ukaleta mengine mawili. Divock Origi, mchezaji wa Ubelgiji na mpwa wa Austin Oduor yule wa 1987, alifunga bao la pili la Liverpool katika fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Tottenham, huku Mkenya Victor Wanyama akiwa kwenye benchi la Tottenham. Wanaoupigania mpira wa nyumbani walilihesabu bao hilo kuwa la Gor Mahia, wapinzani wao wakalihesabu kuwa la Ubelgiji. Wanyama mwenyewe alihamia Montreal mwaka wa 2020, na tangu hapo ligi ya Amerika Kaskazini ikaanza kutajwa katika mabishano haya.

Raila Odinga, aliyekuwa mlezi wa Gor Mahia hadi alipofariki Oktoba 2025, hakuficha kwamba alikuwa shabiki wa Arsenal pia, na hilo halikumpunguzia chochote Homa Bay. Ndivyo walivyo wengi. Jezi ya kijani huvaliwa Jumapili na nyekundu Jumamosi, na ugomvi wa aliye na wafuasi zaidi hupiganwa na watu walewale wakiwa pande zote mbili.

Kilichoumiza mpira wa nyumbani safari hii pia hakikutoka ng'ambo. SportPesa iliondoa udhamini mwaka wa 2019 baada ya mvutano na serikali kuhusu kodi na leseni. Miezi michache baadaye SoNy Sugar, mabingwa wa 2006, walishindwa kufika katika mechi tatu wakafukuzwa ligi kuu. Migori Youth ikabaki kuubeba mpira wa kaunti katika daraja la chini. Homa Bay nayo ilipata uwanja wa kisasa, uliopewa jina la Raila Odinga, na Gor Mahia, yenye mataji 21 ya ligi kufikia 2024, imeutumia kwa mechi za nyumbani, si mbali sana na Kanyamwa. Mwezi wa Agosti 2025 mashindano ya CHAN, ambayo huchezwa na wachezaji wa ligi za ndani pekee, yaliijaza Kasarani; Kenya iliifunga Morocco, ambayo baadaye ilitwaa kombe, na ikatolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali.